Watu wa Sanduku

Kuna kitu hakina mdomo lakini kinakula, hakina kitanda lakini unalala nacho, na mtoto akizaliwa anakikuta kimeshamtangulia mlangoni. Ni kitu gani hicho? Usihangaike kutoa mji, nitakwambia mwenyewe. Ni jina baya la ukoo.

Mama Taratibu alizaliwa akalikuta. Hilo la Taratibu alipewa na madereva wenzake, kwa sababu katika miaka ishirini na mitatu ya kupeleka wageni mlimani hakuwahi hata siku moja kukwaruza bampa. Lakini kwao, ng'ambo ya mlima, alikuwa na jina jingine ambalo hakulitolea jasho: mtu wa Sanduku. Ukoo mzima waliitwa hivyo. Wakienda kwenye shughuli za watu, wenye nyumba walificha vijiko. Marehemu baba yake aliwahi kuomba kazi ya kutunza ghala, akaambiwa, "Tukupe funguo wewe? Si bora tuwape panya, wao hula wakabakisha." Watu wakaangua kicheko. Baba naye akacheka, maana afanyeje? Alicheka hivyohivyo mpaka akaingia kaburini, na binti yake hakukisahau kicheko kile. Kilimkaa kama mwiba wa samaki, hautemeki, haumezeki.

Chanzo chake ni kitabu. Zamani sana alikuja mvumbuzi mmoja akavuka ule mlima, akasema yeye ndiye wa kwanza kuuvuka, kana kwamba wapagazi waliombebea mizigo walikuwa wamefumba macho. Katika kitabu chake aliandika kwamba mnyapara wa wapagazi wake alimtoroka kileleni, akamwibia sanduku la vipimo, akamwacha afe kwa baridi. Yeye mvumbuzi, kwa ushujaa wake, akateremka peke yake mpaka mjini.

Mnyapara huyo alikuwa babu yake Mama Taratibu, mzaa baba.

Nyumbani hadithi ilikuwa nyingine. Wapagazi wengine walikuwa wamebaki nyuma na homa. Bwana akateleza, akavunjika kifundo cha mguu. Babu akambeba mgongoni hatua mia, akamweka chini, akarudi kuchukua sanduku, akalileta. Kisha akambeba tena hatua mia nyingine. Mlima wa watu kuupita mara moja, yeye aliupita mara tatu. Akamfikisha mjini, akamkabidhi zahanati, akaenda kulala. Kulipokucha, mgonjwa na mzigo wake walikuwa wameshaondoka, bila kumwachia hata cheti cha sifa, kile ambacho mnyapara asipokuwa nacho hapati msafara mwingine. Ndivyo walivyosimulia nyumbani. Lakini wao walikuwa na mdomo, mwenzao alikuwa na kitabu. Mdomo na kitabu vikipelekwa barazani, nani atarudi na ushindi?

Basi siku moja tajiri mwenye magari akawakusanya madereva wake uani. "Amekuja mjukuu wa yule mvumbuzi," akasema. "Anataka kupita njia ya babu yake kwa gari, asimame kila mahali palipotajwa kitabuni, apige picha. Saa kumi jioni awe amefika ng'ambo. Halmashauri imeweka jiwe la kumbukumbu, yeye ndiye atakayelifunua. Nani anakwenda?"

Madereva wakaanza kuangalia viatu vyao. Mgeni wa kusimama kila mahali ni mgeni wa kuchosha.

"Nipe mimi," akasema Mama Taratibu.

"Wewe mama? Ile barabara ina kona ishirini na mbili, na ukungu."

"Nazijua kuliko ninavyowajua wanangu. Wanangu hunidanganya."

Wakacheka, akapewa funguo. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa na mpango wake, mfupi kama mkia wa mbuzi. Ukoo wake umeadhibiwa miaka nenda miaka rudi kwa kosa la kumwacha mtu mlimani. Adhabu wameshaimaliza. Kilichobaki ni kutenda kosa lenyewe.

Asubuhi mgeni alitoka hotelini amevaa shati jepesi la mikono mifupi, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, kipara kinang'aa, uso mkunjufu. Mama Taratibu alichukia ule ukunjufu. Alikuwa amejiandaa kumchukia mtu mwenye sura mbaya, sasa kazi ikaongezeka. Akampakilia begi, akampakilia koti zito, akampakilia kamera na miguu yake mitatu. Alipotaka kunyanyua mzigo mmoja uliofungwa blanketi, mgeni akamshika mkono.

"Huo niachie, mama. Huo naubeba mwenyewe."

"Kama wako, wako," akajibu, akafunga mlango wa nyuma.

Wakaanza kupanda. Kwanza mashamba, kisha misonobari, kisha mto ukawa upande wa kulia chini kabisa, mweupe kama uzi uliomponyoka fundi. Kila baada ya kona mgeni alikuwa na jambo. "Simama hapa, mama! Hapa babu alikunywa maji." Anashuka, anapiga picha, anapanda, anafungua kitabu chenye jalada jekundu, anasoma kwa sauti. "Simama tena! Hapa babu alilala." Mama Taratibu alikuwa anakanyaga breki huku moyoni akisema, hapa babu yako alilala, babu yangu alikesha akimlindia moto.

"Mama Taratibu," mgeni akamtania walipofika kona ya tisa, "kwa mwendo huu babu yangu kwa miguu angetuacha mbali."

"Anayebebwa hajui umbali, bwana."

"Umesema?"

"Nasema abiria hachoki. Kitendawili."

"Tega!" Mgeni alifurahi kama mtoto.

"Anapanda mlima bila miguu, anateremka bila miguu, wala hajawahi kuondoka alipo."

"Upepo."

"Upepo unaondoka."

"Basi ukungu."

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Haya, chukua mji tunaokwenda."

"Nimeuchukua," akasema Mama Taratibu, macho barabarani. "Nimekwenda mji ule nimepita katikati ya barabara kuu, nimekaribishwa kiti cha mbele, nimekunywa chai ya watu hakuna aliyenihesabia kijiko. Jibu lake ni barabara."

Mgeni akacheka, akapiga paja, akasema kimemwingia. Hakikumwingia. Walipofika kona ya kumi na tano akafungua ukurasa anaoupenda kuliko zote, akausoma kwa sauti ya kuigiza, ya mtu anayekufa kwa baridi. "'Mnyapara wangu, mtu niliyemwamini kama ndugu, alitoweka ukunguni na sanduku langu. Tangu siku ile mimi wala mtu mwingine hatukuliona tena.' Unasikia, mama? Mtu umwamini, halafu akufanyie hivyo. Watu wengine hawana haya."

"Hawana," akasema Mama Taratibu. Akaikata kona ya kumi na sita.

"Sijui aliishia wapi yule."

"Labda alizaa."

"Maskini hao watoto!" mgeni akasema, akafungua kitabu ukurasa mwingine.

Walifika juu saa saba. Pale milima miwili imeachiana nafasi kama meno ya mbele ya mtoto, barabara inapita katikati. Basi la mlimani hupita mara moja tu kwa siku, asubuhi, na lilikuwa limeshapita. Simu hazishiki. Ukungu ulikuwa unaingia na kutoka kama mtu aliyesahau kitu ndani. Upande wa kushoto kulikuwa na jabali ambalo mvumbuzi aliandika kwamba alisimama juu yake peke yake, akitazama dunia.

Mgeni akashuka mbiombio na kamera yake, koti akaliacha kitini. Akasimamisha miguu mitatu, akachungulia, akakunja uso. "Mama, gari linaonekana kwenye picha. Lirudishe nyuma kidogo, tafadhali. Nataka nionekane niko peke yangu."

Mama Taratibu akamtazama. Jamani, mtu amekuomba mwenyewe, na tafadhali juu yake!

"Peke yako kabisa?"

"Kabisa kabisa."

"Haya, bwana. Piga pozi vizuri."

Akarudisha gari nyuma hatua ishirini. Akaligeuza. Katika kioo alimwona mgeni juu ya jabali, mikono kiunoni, kidevu juu, anangoja kamera ijipige. Akaachia breki, gari likateremka lenyewe bila kelele. Kona ya ishirini na mbili. Ya ishirini na moja. Hapo akasikia sauti kwa mbali, "Mama! Mama ee!" kisha ukungu ukaifunika.

Utamu alioupata sitaweza kuueleza. Mtu aliyevaa kiatu kinachobana siku nzima akikivua jioni, ndiyo utamu ule. Akajikuta anaimba. Akamwambia marehemu baba yake, kana kwamba amekaa kiti cha nyuma, "Baba, sasa cheka. Cheka cha kwako."

Kona ya kumi na saba akasimama. Hilo nalo lilikuwa katika mpango: hatachukua hata uzi wa mtu. Kumwacha, amwache, lakini mizigo ataiweka kando ya barabara, ipangwe vizuri, aikute akiteremka, ili asitokee wa kusema ameibiwa. Akatoa begi, akatoa koti, akavivuta vile vitu vidogovidogo. Mwisho akanyanyua ule mzigo wa blanketi. Mzito! Fundo likafunguka, blanketi likaanguka, akabaki ameshika sanduku.

Lilikuwa la mbao nyekundu, pembe zake shaba, na juu ya kifuniko bamba dogo lenye herufi za jina la mvumbuzi.

Mama Taratibu akaligeuza juu chini.

Wapagazi wa zamani hawakujua kuandika, lakini hakuna aliyebeba mzigo wa mwenzake. Siku ya kwanza ya safari kila mmoja alichoma alama yake chini ya mzigo kwa chuma cha moto, maana alfajiri wajanja walikuwa wepesi wa kukimbilia mizigo myepesi. Alama ya babu ilikuwa mistari mitatu na kitone kando. Mama Taratibu aliijua kwa vidole kabla hajaijua kwa macho: ilikuwa chini ya kigoda cha babu, ilikuwa kwenye mpini wa jembe lake, ilikuwa kwenye kizingiti cha nyumba. Na sasa ilikuwa hapa, imechomwa katika mbao nyekundu, mistari mitatu na kitone.

Akakaa chini palepale, kwenye lami, sanduku mapajani. Lile sanduku halikuibwa. Lilivuka mlima kichwani kwa babu, likakabidhiwa, likasafiri na mwenyewe mpaka kwao, likawekwa sebuleni likafutwa vumbi kila wiki, huku watu wa ukoo wake wakifichiwa vijiko.

Akataka kupiga kelele za furaha. Ushahidi huu hapa! Lakini hakupiga, kwa sababu wazo la pili lilikuja nyuma ya la kwanza kama kibaka nyuma ya mtu mwenye mkoba. Yeye ni nani sasa hivi? Ni mjukuu wa mnyapara. Yuko wapi? Anateremka mlima. Nani yuko juu, peke yake, kwa baridi? Na sanduku liko kwa nani?

"Eh, mama yangu," akasema.

Mvumbuzi aliutunga uongo, akauacha bila miguu. Na yeye alikuwa amebakiza kona kumi na saba tu aupe miguu utembee. Kesho mji mzima ungesema: si tuliwaambia?

Hasira yake haikupungua, wala usidhani. Ilibadilisha gia tu. Akarudisha kila kitu garini, akageuza, akapanda.

Alimkuta mgeni karibu na kona ya ishirini, anateremka kwa kujikokota, midomo ya buluu, mikono ameipachika makwapani, kamera inaburuzwa. Alipoliona gari aliinama akashika magoti yake.

"Umeniacha!" akasema, meno yanagongana. "Umeniacha, wewe mama, ningekufa!"

"Nimekuacha, ndiyo. Sikatai." Mama Taratibu akashuka, koti la mgeni mkononi mwake. Mgeni akanyoosha mkono, yeye akalirudisha nyuma. "Koti baadaye. Njoo kwanza."

Akamfungulia mlango wa nyuma. Sanduku lilikuwa limekaa wazi juu ya blanketi.

"Hiki ni nini?"

"Sanduku... sanduku la babu. Nilitaka kulionyesha mjini, nilitaka iwe kama zawadi ya..."

"Alikuwa na mangapi?"

Mgeni akanyoosha mkono tena kwenye koti.

"Kitabu unacho. Tafuta ukurasa wa vifaa vya safari. Soma kwa sauti, kama ulivyokuwa unanisomea."

"Mama, nasikia baridi."

"Anayesoma hupata joto."

Vidole vyake vikafunua kurasa kwa shida. "'Nilikuwa na... sanduku moja tu la vipimo, la mbao nyekundu, lenye pembe za shaba.'"

"Sasa ule wa mnyapara. Ule unaoupenda."

"'Tangu siku ile mimi wala mtu mwingine hatukuliona tena.'" Sauti ikamfia mwishoni.

Mama Taratibu akalipindua sanduku, akaweka kidole juu ya ile alama, akamweleza. Mistari mitatu ni nini, kitone ni nini, kigoda kiko wapi, nani alikikalia, na kwamba yeye ndiye mmoja wa wale watoto aliowaita maskini. Alizungumza polepole, kama anavyopita kona.

Mgeni hakusema labda ni sanduku jingine. Aliigusa ile alama kwa kidole chake. "Niliuliza," akasema mwishoni. "Nikiwa na miaka tisa. Nilimuuliza baba, kama liliibwa, mbona liko hapa sebuleni? Akanizaba kofi. Sikuuliza tena."

"Kofi moja?"

"Moja."

"Baba yangu walimzaba kila siku, na mkono ulikuwa wa babu yako." Akamtupia koti. "Ulijua. Mimi nilidhani hujui, nikakuonea huruma kidogo pale kona ya ishirini. Sasa nimeichukua huruma yangu."

Mgeni akavaa koti, machozi yanamlengalenga. "Nitaandika, mama. Nikirudi nyumbani nitatoa kitabu kipya, nitarekebisha kila kitu, nakuapia."

"Kitabu kipya watakisoma wenzako huko. Sisi tutasema leo, saa kumi, kwa mdomo. Panda. Sitakuacha tena, usiogope. Nitakufikisha mpaka kwenye kiti."

Wakateremka upande wa pili wa mlima. Mandhari yalikuwa mazuri, maporomoko ya maji matatu moja juu ya jingine, na hakuna aliyesema simama.

Mjini walikuta turubai limefungwa kando ya barabara kuu, viti vimepangwa, wanafunzi wamepigwa pasi. Jiwe lilikuwa limefunikwa kitambaa. Mwenyekiti wa halmashauri akaja mbio kumpokea mgeni, akampita Mama Taratibu kama nguzo ya umeme. Mgeni akafungua mlango wa nyuma, akalikumbatia sanduku kifuani.

"Kichwani, bwana," Mama Taratibu akamwambia taratibu. "Mikononi utachoka, ni mbali."

Haikuwa mbali, hatua mia tu. Lakini mgeni alilipandisha kichwani, likamkalia upara vibaya, akatembea akiyumba katikati ya watu huku wanafunzi wakijiziba midomo wasicheke. Dereva alimfuata nyuma, mikono mitupu.

Mwenyekiti akavuta kitambaa kwa haraka yake ya kuwahi makofi. Jiwe lilikuwa limechongwa: HAPA ALIINGIA MVUMBUZI, PEKE YAKE, BAADA YA KUACHWA NA KUIBIWA NA MNYAPARA WAKE. Makofi yakapigwa. Mgeni akapewa kipaza sauti, kikakoroma, kikazimika. Akabaki na mdomo wake tu.

"Jiwe hili ni la uongo," akasema.

Makofi yakakatika kama kamba.

Akasema. Alianza kwa kigugumizi, kisha yakatoka: kifundo cha mguu, hatua mia, sanduku moja tu, sebule ya kwao, kofi. Akaligeuza sanduku, akawaonyesha alama. "Hakuachwa," akasema. "Hakuibiwa. Alibebwa. Babu yangu aliandika uongo, na mimi niliujua nikakaa kimya, nikaja kuwafunulia jiwe lake. Naomba mnisamehe." Mwenyekiti alikuwa anatafuta mahali pa kuweka macho. Mzee mmoja wa safu ya mbele, aliyewahi kuwa msimamizi wa ghala, alivua kofia yake akaishika mapajani, akawa anaikunja.

Mgeni akamgeukia Mama Taratibu. "Nisamehe, mama."

"Nimekusikia," akajibu.

Nyuma kabisa, mwisho wa viti, mahali watu wa Sanduku walipozoea kukaa, shangazi yake Mama Taratibu alikuwa amesimama ameshikilia kiti cha mbele yake. Ndiye mtoto wa mwisho wa mnyapara aliyebaki hai, umri wake miaka themanini na sita. "Amesema nini huyo?" akauliza kwa sauti kubwa. "Mbona watu wote wamenyamaza?"

"Anasema baba yako hakuiba, shangazi," akamjibu kijana wa ukoo aliyekaa kando yake.

"Nani hakuiba?"

"Baba yako!"

Watu walikuwa wamegeuza shingo kumtazama shangazi, safu kwa safu, na kwa mara ya kwanza hawakuwa wakitazama mikono yake. Akaanza kusogea mbele kwa kushikilia kiti kimoja baada ya kingine, na waliokaa wakawa wanasimama kumpisha. Ilichukua muda. Alipofika akakaa kiti cha mwenyekiti, akaweka mkono mmoja juu ya sanduku, mwingine nyuma ya sikio.

"Mwambie aseme tena."

Mgeni akasema tena, yote, mpaka sauti ikakwaruza. Shangazi alikuwa anatikisa kichwa akifuata kila neno, kama mtu anayehakikisha amerudishiwa vyote.

"Pale kwenye kubebwa sikusikia vizuri," akasema.

Mgeni alimtazama Mama Taratibu, koo limemkauka, jasho linamtoka ndani ya lile koti zito, kama anayeomba basi, inatosha. Mama Taratibu alichukua jagi lililokuwa mezani mbele ya mwenyekiti, akajaza bilauri mpaka pomoni, akampelekea kwa mikono miwili, kwa heshima zote za kumpokea mgeni.

"Maji haya hapa, bwana," akasema. "Kunywa. Kisha uanze mwanzo."